Kabla Ucheke Namba za Mtu, Uliza Alichezea Uwanja Gani

Leo naongea besiboli. Ndiyo, ile ya Wamarekani, ile wengi wetu tumeona kwa filamu tu: jamaa wa kofia anatema mate, anarusha kampira, mwingine anakakosa na rungu. Usikimbie. Ukifika mwisho utajua mbona hii stori imenikaa kichwani hivi.

Ilianza kwa mazishi shagsi. Mjomba wangu mmoja, wa kupenda kuongea akishapewa chai, alikuwa anatulinganisha mimi na binamu yangu. Binamu alipata A- kwa KCSE, mimi nikapata B-. Binamu amemaliza digrii, mimi niliacha kampasi mwaka wa pili. Mjomba akafunga hesabu kwa maneno matatu: "Namba hazidanganyi, kijana."

Nilinyamaza, kwa sababu mjomba ni mjomba. Lakini usiku nikakumbuka msee anaitwa Mike Hampton.

Mwaka wa 1999, Hampton alikuwa mrushaji wa Houston Astros. Alishinda mechi 22, akapoteza 4. Mwaka uliofuata akahamia New York Mets, bado moto. Desemba 2000, Colorado Rockies, timu ya mji wa Denver, wakamwekea mezani mkataba wa miaka 8, dola milioni 121. Akasaini. Nani angekataa?

Hapa lazima nikueleze kitu kimoja, na ni rahisi. Warushaji hupimwa kwa namba inaitwa ERA. Ni wastani wa pointi ambazo mrushaji anaruhusu kwa kila awamu 9, yaani mechi moja nzima, ukiondoa zile zilizoingia kwa makosa ya wenzake. Ndogo ndiyo poa. ERA ya 3 ni tamu. Ya 4 ni ya kawaida. Ya 5 watu wanaanza kunong'ona. Ya 6, ni mama yako pekee bado anakutetea.

Hampton akiwa New York mwaka wa 2000: 3.14. Mwaka wa kwanza Denver: 5.41. Wa pili: 6.15. Mwisho wa 2002 wakamwachilia. Akaishia Atlanta, na 2003 ERA yake ikarudi 3.84.

Na si yeye wa kwanza. Darryl Kile alikuwa Houston 1997 na ERA ya 2.57. Akaenda Denver: 5.20 mwaka wa kwanza, 6.61 wa pili. Akahamia St. Louis mwaka wa 2000, na papo hapo akashinda mechi 20. Mkono ule ule, mpira ule ule, ligi ile ile. Sasa niambie, ni nini ilibadilika?

Uwanja.

Kwa boli letu, goli ni lile lile Kasarani na Wembley. Besiboli ni nusu tu ya hiyo stori. Sehemu ya ndani imepimwa kwa sheria: kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.4, kila mahali. Lakini ukuta wa nyuma, ule ambao mpira ukiupita mpigaji anapata pointi bila jasho, kila timu iliujenga vile ardhi yake iliruhusu. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912, ukuta wa kushoto uko karibu sana, kama mita 94, basi wakauinua hadi mita 11 hivi kwenda juu. Dodgers walipohamia Los Angeles 1958, walichezea kwanza uwanja mkubwa wa riadha. Umbo lake halikufaa besiboli kabisa, ukuta wa kushoto ukawa mita 76 tu kutoka kwa mpigaji. Wakafunga wavu wa zaidi ya mita 12 kujaribu kuokoa warushaji. Hiyo ni kama kukuambia udake kwa goli la kawaida halafu mwenzako wa timu nyingine amepewa goli lenye upana mara mbili, na mwisho wa msimu mnalinganishwa kwa mabao mliyofungwa.

Lakini Denver ilikuwa noma zaidi, kwa sababu pale tatizo si ukuta. Ni hewa.

Uwanja wa Denver unaitwa Coors Field, ulifunguliwa 1995, na uko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Kwa majukwaa ya juu kuna safu moja ya viti vya zambarau kuonyesha pale hasa maili moja kutoka usawa wa bahari inapofika. Hewa ya hapo ni nyepesi, uzito wake ni kama asilimia 82 ya hewa ya ufuoni. Hiyo inamwumiza mrushaji mara mbili. Kwanza, mpira ukipigwa haukutani na upinzani mwingi, unaenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 5. Mpira ambao San Diego ungedakwa mbele ya ukuta, Denver umepita. Pili, ile mipira ya kujikunja, ambayo mrushaji huizungusha ili impige chenga mpigaji, hujikunja kwa sababu inasukumana na hewa. Hewa ikipungua, kujikunja kunapungua. Yaani silaha yako inakuwa butu na ya adui inanolewa, siku hiyo hiyo.

Waliojenga walijua mipira itaruka, wakasukuma kuta nyuma. Wazo zuri kwa karatasi. Lakini ukisukuma ukuta nyuma unaacha nyasi kubwa sana, na wale walinzi watatu wa nyuma hawawezi kufika kila mahali. Mipira isiyopita ukuta ikawa inaanguka katikati ya nyasi, watu wanakimbia vituo tu. Mwaka wa 1999, mipira 303 ilipita kuta za uwanja huo katika msimu mmoja. Hakuna uwanja mwingine umewahi kuona hivyo.

Kumbuka pia Nairobi iko juu ya Denver. Sisi tuko karibu mita 1,800. Siku besiboli ikichezwa sana hapa kwetu, warushaji wetu watalia kuliko wa Rockies.

Sasa geuza shilingi. Nenda Los Angeles, baada ya Dodgers kuhama ule uwanja wa wavu na kufungua Dodger Stadium 1962. Huko ni peponi kwa warushaji. Jamaa anaitwa Sandy Koufax, mkono wa kushoto, akawa na ERA ya chini kuliko wote kwa ligi yake miaka 5 mfululizo, 1962 hadi 1966, halafu akastaafu akiwa na miaka 30 kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeisha. Watu wazima Marekani wakimtaja wanashusha sauti kama wako kanisani.

Cheki lakini mwaka wa 1964. ERA yake nyumbani ilikuwa 0.85. Ugenini, 2.93. Zote ni nzuri, na hakuna anayesema Koufax alikuwa feki. Lakini tofauti ya pointi mbili nzima kati ya nyumbani na ugenini inakuambia kuna mtu mwingine alikuwa anarusha pamoja naye, na huyo mtu ni uwanja.

Kwa miaka mingi mashabiki walijua haya kimdomomdomo. ERA ilianza kuwekwa rasmi 1912, na tangu hapo watu walisema "ah, ule uwanja ni mdogo" halafu wakarudi kulinganisha namba vile vile, kama mjomba. Kujua kitu ukiwa kijiweni ni tofauti na kukipima. Waliokipima hawakuwa makocha, wala wamiliki wa timu.

Mmoja alikuwa soja. Sichekeshi. Bill James alikuwa mlinzi wa usiku kwa kiwanda cha maharagwe ya mkebe huko Lawrence, Kansas. Usiku ni mrefu, maharagwe hayatoroki, basi akawa anapiga hesabu za besiboli. Mwaka wa 1977 akachapisha kijitabu chake mwenyewe, akauza kama nakala 75. Sabini na tano! Mimi nikipata watazamaji 75 huwa nafikiria kufuta akaunti. Yeye alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Swali lake lilikuwa moja: hizi namba zinatuambia nini hasa kuhusu mchezaji, na nini kuhusu mahali alipo? Mwishoni mwa 2002 Boston Red Sox wakamwajiri. 2004 Boston wakachukua ubingwa, wa kwanza tangu 1918.

Mwingine ni Pete Palmer, injinia aliyefanya kazi za rada. Mwaka wa 1984 yeye na mwandishi John Thorn walitoa kitabu, The Hidden Game of Baseball, na humo wakaweka hesabu kamili ya jinsi ya kutoa uwanja kutoka kwa namba za mchezaji.

Hesabu yenyewe ni tamu kwa sababu ni ya kibanda cha chapo, si ya maprofesa. Tuifanye. Hizi namba ni zangu, za mfano tu.

Timu hucheza mechi 162, 81 nyumbani na 81 ugenini. Chukua timu moja. Hesabu pointi zote zilizofungwa kwa mechi zake za nyumbani, za pande zote mbili. Tuseme ni 972, yaani 12 kwa kila mechi. Hesabu za ugenini: 810, yaani 10 kwa kila mechi. Gawanya 12 kwa 10, unapata 1.20. Uwanja wa hiyo timu unaongeza pointi kwa asilimia 20.

Utauliza, mbona tusilinganishe uwanja huu na ule mwingine moja kwa moja? Kwa sababu pengine timu ya huu uwanja ina wapigaji wakali, ndiyo maana pointi ni nyingi. Ujanja ni kutumia timu ile ile. Wapigaji ni wale wale, warushaji ni wale wale, wapinzani karibu ni wale wale. Kitu pekee kikubwa kinachobadilika ni mahali. Nilipoelewa hiyo hatua nilisimama, walai.

Halafu hatua ya pili: mrushaji hachezi nyumbani kila siku. Nusu ya mechi yuko ugenini. Kwa hivyo usimpe 20 nzima, mpe nusu: 1.10. Kama ERA yake ni 4.50, gawanya kwa 1.10, unapata 4.09. Jamaa mwingine ana ERA ya 3.90, lakini nyumbani kwake ni uwanja wa kubana pointi, na ukishakata nusu kipimo chake ni 0.93. Gawanya: 4.19. Umeona? Yule wa 4.50 ndiye mkali. Gazeti la asubuhi lilikuwa limempa sifa mtu mwingine.

Na usitumie mwaka mmoja pekee. Upepo unaweza kuvuma ovyo msimu mmoja, bahati ikaingia. Wataalamu huchukua wastani wa miaka kadhaa, mara nyingi 3.

Kutoka hapo ikatoka namba inaitwa ERA+. Inachukua ERA yako, inarekebisha uwanja, inalinganisha na ligi nzima ya mwaka huo. 100 ni mtu wa kawaida. Zaidi ya 100 ni mkali. Ukimpima Hampton hivi, ile 5.41 ya mwaka wa kwanza Denver inasogea karibu sana na wastani. Hakuwa takataka. Alikuwa mrushaji wa kawaida mahali pabaya, na mshahara wa malaika.

Lakini raha ya hii namba ni kuvuka miaka. Bob Gibson wa St. Louis, 1968, ERA ya 1.12. Ukisoma hivyo unaweza kusema mjadala umefungwa, hakuna atakayemfikia. Ila mwaka huo kila mrushaji alikuwa mungu mdogo. Wastani wa ligi ya Gibson ulikuwa 2.99. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba 1969 tuta analosimama mrushaji lilishushwa kutoka sentimita 38 hadi 25, kuwapa wapigaji nafasi ya kupumua. Sasa mlete Pedro Martínez wa Boston, mwaka wa 2000. ERA 1.74. Karatasini ameachwa mbali. Lakini wastani wa ligi yake ulikuwa 4.91, wakati wapigaji walikuwa wanavunja kila kitu, na uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Fenway, si pepo ya warushaji. Mtu wa pili nyuma yake kwa ligi hiyo alikuwa na 3.70. ERA+ ya Gibson ni 258. Ya Pedro ni 291. Kijana mwembamba kutoka Jamhuri ya Dominika, katikati ya mafuriko, alikuwa hajaloa.

Kuna watu hii inawakera. Wanasema mnaharibu mchezo na kalkuleta. Naelewa. Kuna pia lawama ya maana: kipimo kimoja cha uwanja hakiwezi kumfaa kila mtu. Mrushaji ambaye mipira yake hupigwa chini chini hataumia Denver kama yule ambaye yake hupaa. Na viwanja hubadilika. Tangu 2002 Rockies huhifadhi mipira kwa chumba chenye unyevu, kwa sababu hewa kavu ya milimani ilikuwa inaikausha na kuifanya iruke zaidi. Pointi zikapungua, ingawa uwanja bado unaogopwa. Kufikia 2022 ligi nzima ilikuwa na vyumba kama hivyo. Na 2018 Kyle Freeland, mtoto wa Denver kabisa, alimaliza msimu na ERA ya 2.85 akiwa Rockies. Kwa hivyo uwanja si hukumu. Ni mzigo, na mizigo hupimwa.

Sisi Wakenya ndio tungekuwa wa kwanza kuelewa haya. Rudi mwaka ule ule wa Gibson, 1968, lakini Oktoba, Mexico City, Olimpiki. Mita 2,240 juu ya bahari. Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90, akaongeza sentimita 55 kwa rekodi ya dunia. Hewa nyepesi ilimsaidia. Hewa hiyo hiyo ikawanyonga wakimbiaji wa mbio ndefu. Naftali Temu alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya. Ukisoma muda peke yake, unaweza kucheka. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Ron Clarke wa Australia, dakika 27 na sekunde 39.4. Karibu dakika 2 tofauti! Lakini Clarke mwenyewe alikuwa kwa mbio hizo hizo. Alimaliza wa sita, akaanguka, akawekewa oksijeni. Siku chache baadaye Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, karibu sekunde 3 nyuma.

Sasa nani atasema Temu alikuwa mkimbiaji wa pole kwa sababu ya 29:27? Namba haikudanganya. Ilisema ukweli kuhusu mtu na mlima kwa pamoja, na kazi ya kuwatenganisha ikaachiwa wewe.

Hapo ndipo narudi kwa mjomba.

Shule yangu ya kutwa ilikuwa na maabara moja, na mwalimu wa Fizikia tulimpata Fomu 3 muhula wa pili. Binamu alisoma pahali maabara zina majina. Mimi nataka B- yangu ipigwe hesabu ya Palmer. Nataka kila mtoto wa shule kama yangu alinganishwe na waliorusha kwa uwanja wake, halafu ndio aitwe mjinga au mkali. Mwajiri anayeangalia gredi pekee anasoma ERA ya mwaka wa 1912.

Lakini lazima niwe mkweli, kwa sababu ukirekebisha lazima urekebishe pande zote. Ile 6.15 ya Hampton mwaka wa pili haitolewi yote na hewa. Hata ukimwondolea mlima, alirusha vibaya. Na mimi pia, kuna mitihani ya kampasi sikufeli kwa sababu ya karo. Nilifeli kwa sababu nililala. Karo ilikuwa mlima, usingizi ulikuwa mkono wangu. Na binamu? Ukimkata uwanja wake mzuri, nadhani bado anabaki juu ya 100. Alisoma, nilimwona akisoma. Kama Koufax tu.

Hicho ndicho nilichopenda kwa hawa wasee wa besiboli. Hawakutafuta kisingizio cha mtu. Walitafuta kujua kiasi gani ni mtu na kiasi gani ni mahali, hadi desimali ya pili. Soja wa usiku alikaa na hilo swali hadi timu kubwa ikamfungulia mlango.

Kwa hivyo mjomba, kwa heshima zote: namba hazidanganyi, sawa. Lakini nazo zina kwao. Ukikutana na namba ya mtu, iulize kwanza imetoka wapi.